Karani wa Bili Si Mwizi, Programu Yako Ndiyo Mbovu

Nilikuwa nimeapa kwamba mwezi huu nitaandika kuhusu databesi na kitu kingine chochote kisiguswe. Nimeshindwa. Mniwie radhi, leo ni hasira.

Juzi nilikuwa katika mkutano wa waandikaji programu hapa Nairobi. Kijana mmoja mwenye kipaji (sisemi kwa kejeli, anajua kazi) alituonyesha mfumo wake wa hospitali. Skrini safi, rangi nzuri, kila kitu kinateleza. Alipofika kwenye sehemu ya malipo akasema hivi: shida ya hospitali zetu ni karani wa bili. Anajikokota, ana kiburi, na anaiba. Sisi, akasema, tunamwondoa, tunaweka akili unde. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mimi sikupiga. Lakini miaka michache iliyopita ningepiga, tena kwa mikono na miguu. Kwa hivyo haya ninayoandika hapa yananihusu mimi kwanza, halafu ninyi.

Haya, sikilizeni.

Nilipotoka chuo kikuu na digrii yangu ya sayansi ya tarakilishi (mwalimu wangu wa Kiswahili akisoma hapa ajue neno silijasahau), kampuni moja ndogo iliniajiri. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kuandika sehemu ya bili katika mfumo wa hospitali. Niliiandika kwa miezi minne. Katika miezi hiyo minne nilizungumza na meneja wangu, na mhasibu mkuu wa hospitali mara mbili, na mwenye hospitali mara moja kwenye hoteli. Karani wa bili sikumwona hata kwa macho. Hakuna aliyeniambia nimwone. Nami sikuuliza. Kwangu yeye alikuwa neno moja tu katika jedwali la watumiaji: "karani". Alikuwa na ruhusa chache kuliko mtu yeyote mwingine katika mfumo mzima.

Mwaka 2023 malalamiko yalizidi. Meneja akanituma niende huko "nikawafundishe wale makarani tena." Hospitali yenyewe ni ya ngazi ya 4, mji siutaji. Nilifika Jumatatu nikiwa na projekta begani. Mama mmoja wa makamo, karani wa dirisha la 2, akaniangalia, akasogeza kiti cha plastiki. "Kijana wangu," akasema, "hiyo mashine yako weka chini. Kaa hapa kwanza uone."

Nilikaa wiki tatu.

KARANI WA BILI HUFANYA NINI HASA?

Ukiniuliza kabla ya siku ile ningesema: anaandika tarakimu, anachapa risiti. Kumbe.

Mgonjwa anatoka wodini. Faili ni la karatasi. Karani anasoma mwandiko wa daktari, mwandiko wa muuguzi, na karatasi ya maabara iliyomwagikiwa chai. Anahesabu siku za kitanda. Anapigia duka la dawa simu kuuliza kama ile sindano ya jana usiku ilitolewa kweli au iliandikwa tu. Anafungua mfumo wetu. Anafungua mfumo wa bima ya serikali. Mgonjwa akiwa na bima ya kibinafsi, anafungua mfumo wa tatu, na kila bima ina wake, wenye nenosiri lake na sheria zake. Jina la mgonjwa analiandika mara tatu, kwa sababu mifumo hiyo haijuani. Tunasema mifumo yetu "imeunganishwa". Imeunganishwa na nini? Imeunganishwa na huyu mama. Yeye ndiye waya.

Na wakati huo huo upande wa pili wa kioo kuna mtu amelala kwenye benchi siku mbili, ana shilingi 6,000 na bili ya 41,000, anamwuliza yeye. Hamwulizi mkurugenzi wala mimi niliyeandika programu. Anamwuliza yeye.

Halafu ikaja tarehe 1 Oktoba 2024. NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, ikaondoka, SHA ikaingia. Jina jipya, sheria mpya, mfumo mpya, na kila Mkenya kutakiwa kujisajili upya. Mwenye mshahara akatwe asilimia 2.75 ya mshahara wote. Asiye na mshahara apimwe uwezo wake, asilipe chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na kanuni zilipoanza zilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mnafikiri ni nani aliyewaeleza hayo wazee waliofika hospitalini na kadi zao za zamani? Nilirudi kumsalimia yule mama mwisho wa mwaka huo. Alikuwa na simu ya mgonjwa mkononi, anabonyeza *147# kwa niaba yake, foleni imefika mlangoni. Aliniambia semina aliyopewa ilichukua asubuhi moja.

DHAMBI ZETU, MOJA MOJA

Sasa nitasema makosa niliyoyaona kutoka kwenye kile kiti cha plastiki. Yote ni ya programu yangu. Lakini nimeona mifumo mingine mitano tangu wakati huo, na nawaambia tumenakiliana vizuri sana.

1. Herufi na tarakimu. Mfumo wetu ulidai karani aandike namba ya ugonjwa kwa orodha ya ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani. Kujifungua kwa kawaida ni O80. Kwa upasuaji ni O82. Hiyo ya mwanzo ni herufi O, si sifuri. Shinikizo la damu ni I10: herufi I, kisha moja, kisha sifuri. Kwenye skrini ya zamani yenye vumbi, nani ataona tofauti? Karani akiandika 080 programu yangu ilisema: "Ingizo batili." Basi! Sikumwambia kosa liko wapi. Kulirekebisha kungenichukua dakika kumi: hakuna namba ya ICD-10 inayoanza na tarakimu, kwa hivyo sifuri ya mwanzo haiwezi kuwa kitu kingine ila O. Kompyuta ingeweza kujua. Nilimwachia binadamu ateseke.

Na kumbukeni kati ya O80 na O82 kuna tarakimu moja tu. Katika viwango vya SHA, kujifungua kwa kawaida ni shilingi 10,000 na kwa upasuaji ni 30,000. Kidole kikiteleza, tofauti ni shilingi 20,000, na dai likirudi litaandikwa jina la karani.

2. Kufunga baada ya dakika 5. Mimi huyo, kwa ajili ya usalama, niliweka mfumo ujifunge mtu asipobonyeza kitu kwa dakika 5. Karani anaenda wodini kuuliza jambo moja, anarudi, bili ya kurasa tatu imefutika. Baada ya wiki moja makarani wote walikuwa wanatumia nenosiri moja lililobandikwa ukutani, na kompyuta haifungwi kabisa. Nilidhani nimeongeza usalama, kumbe nimeua hata ule mdogo uliokuwapo.

3. Kusahihisha kosa kunahitaji msimamizi. Msimamizi anaondoka saa kumi na moja jioni. Wagonjwa hawaachi kuugua saa kumi na moja jioni.

Hizo tatu ni kero tu. Ya nne ndiyo iliyonifanya niandike leo.

KIBODI YA DIRISHA LA 2

Siku ya nne yule mama alinionyesha karatasi yake ya mshahara. Alikuwa amekatwa. Mwezi uliotangulia pia. Ukijumlisha, shilingi 23,750. Sababu iliyoandikwa: "Risiti zisizo na malipo." Yaani ripoti ya programu yangu ilionyesha ametoa risiti za M-Pesa ambazo pesa zake hazipo. Katika lugha ya ofisi maana yake ni moja tu: amepewa kitu kidogo, akamwachilia mgonjwa atoke na risiti ya uongo.

Hakulia. Alitoa kauntabuku jeusi kutoka kwenye droo. Kila malipo ya usiku aliyapokea alikuwa ameyaandika kwa kalamu: jina, saa, kiasi, na ule msimbo wa M-Pesa wa herufi na tarakimu 10. "Mimi sijui kompyuta yako," akasema. "Lakini hizi pesa zilikuja. Nilisoma ujumbe kwa simu ya mgonjwa kwa macho yangu."

Nilikaa na ile kauntabuku na kumbukumbu za seva hadi saa saba usiku. Nitawaeleza nilichokiona, na mwenye masikio ya kiufundi atasikia tumbo likimkata.

Mgonjwa akilipa, taarifa ilitoka kwa Safaricom ikafika kwenye seva yetu, na programu ikatoa risiti yenyewe. Mtandao ukikatika, taarifa ilichelewa. Mgonjwa anasimama dirishani na ujumbe kwenye simu, "nimelipa." Kwa hali hiyo tulimruhusu karani aandike msimbo kwa mkono na kutoa risiti. Mtandao ukirudi, taarifa inafika. Programu inatakiwa itambue kwamba msimbo huu umeshaandikwa, iunganishe viwili viwe kimoja, maisha yaendelee.

Lakini databesi yetu ilihesabu herufi kubwa na herufi ndogo kuwa vitu viwili. M-Pesa hutuma herufi kubwa. Na kibodi ya dirisha la 2, kitufe cha kufunga herufi kubwa kilikuwa kimekufa. Kwa hivyo kila msimbo ulioandikwa pale kwa haraka uliandikwa kwa herufi ndogo. Programu ikaona malipo mawili. Ya kwanza, ya karani, haimo katika taarifa ya M-Pesa: "risiti isiyo na malipo." Ya pili, ya halali, ikawekwa kwenye akaunti ya mgonjwa kama ziada, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuangalia.

Mstari mmoja wa msimbo ulikosekana. Geuza herufi zote ziwe kubwa kabla ya kulinganisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaujua. Mimi nilikuwa na digrii.

Na ngojeni, kuna baya zaidi. Wiki mbili katika ule muda yule mama alihamishiwa dirisha la 1, na karani mwingine, kijana, akakaa dirisha la 2. Upungufu wa yule mama ukaisha, wa kijana ukaanza. Naye akakatwa. Upungufu haukumfuata mtu, ulifuata kibodi! Mtu yeyote aliyetazama ripoti kwa dakika tano angeuliza swali. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu tayari: makarani ni wezi. Ripoti ilitoka kwenye kompyuta, na kompyuta haina sababu ya kudanganya.

Niliporudi kwa meneja wangu akaniambia nirekebishe kimya kimya na niandike kwenye orodha ya mabadiliko: "maboresho ya malipo." Nilirekebisha. Kisha nikachapisha kumbukumbu zote, msimbo kwa msimbo, nikampelekea mhasibu wa hospitali mwenyewe. Makarani wote wawili walirudishiwa pesa zao kwa awamu mbili. Pole hawakupewa. Mimi nilikaa pale kazini miezi mingine mitatu.

SI KWETU TU

Ukidhani haya ni mambo ya hospitali ndogo ya mashambani, tazama Uingereza. Shirika la Posta la huko lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, mwaka 1999. Mfumo ukaonyesha upungufu kwenye madirisha ya posta nchi nzima. Wasimamizi wa vituo vidogo vya posta, watu wa kawaida kabisa, wakaambiwa walipe kutoka mfukoni. Hadi 2015 zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika. Mahakama Kuu ikasema Desemba 2019 kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na hitilafu, na ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 2024 kufuta hatia zao kwa pamoja.

Miaka ishirini na mitano. Na kila mmoja wao aliambiwa kitu kile kile: kompyuta haikosei, wewe ndiwe umekosea.

"LAKINI MAKARANI WANAIBA KWELI"

Najua mtasema hivyo. Mgala muue na haki yake mpe: ndiyo, wako wanaoiba. Wako wenye maneno machafu kwa wagonjwa. Nimeonana nao. Lakini wizi unaotikisa nchi si wa dirishani. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo vingi kwa tuhuma za madai ya uongo kwa SHA. Mgonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani kuandikwa kuwa amelazwa, kitu cha namna hiyo. Niambieni, karani wa mshahara mdogo ndiye anayefaidika na dai la uongo linalolipwa kwenye akaunti ya kituo? Anayefaidika ni mwenye akaunti. Karani huambiwa "andika," akiandika ana hatia, akikataa hana kazi. Ukiandika programu ya kupambana na wizi, basi ilinde ile "hapana" yake. Weka mahali ambapo anaweza kuandika "niliagizwa na fulani," na pasifutike.

Na wewe wa akili unde, nikuulize. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu hawakuwa na pesa za bili kulivunja haki zao za kikatiba. Hata hivyo karatasi ya kutokea langoni bado hutolewa dirishani. Wiki zile tatu nilimwona yule mama mara mbili akiinuka, anaenda kwa msimamizi, anabisha, anarudi na sahihi ili mtu aende nyumbani na mtoto wake na alipe pole pole. Mashine yako itainuka? Au itaandika "salio halijalipwa" na kufunga lango, kwa haraka zaidi kuliko zamani?

NINACHOTAKA

Silalamiki tu. Haya ndiyo ninayodai kwa yeyote anayeandika programu ya bili, nami nimeyafanya sheria kwangu:

- Keti dirishani siku 5 kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Moja ya siku hizo iwe usiku, na moja iwe mwisho wa mwezi.
- Malipo moja, msimbo mmoja, rekodi moja. Jaribu kwa herufi ndogo, kwa nafasi ya ziada, kwa kubonyeza mara mbili, na kwa kukata waya wa mtandao katikati.
- Weka hali ya "inasubiri kuthibitishwa." Dunia haina "amelipa" na "hajalipa" pekee.
- Ujumbe wa kosa useme kosa ni nini na karani afanye nini. Kwa Kiswahili, tafadhali.
- Karani aweze kuona kumbukumbu zake mwenyewe: alichoandika, saa ngapi, kwenye mashine gani. Asingoje kuonyeshwa siku ya kushtakiwa.
- Ripoti ya upungufu isionyeshe jina la mtu pekee. Ionyeshe na dirisha, na mashine, na saa ambazo mtandao ulikatika.
- Kwenye mkataba, andika kwamba hakuna mshahara utakaokatwa kwa sababu ya ripoti ya mfumo kabla kumbukumbu hazijachunguzwa. Mteja akikataa, jiulize anataka programu ya nini.
- Karani mmoja atie sahihi kabla mfumo haujapokelewa. Mhasibu na mkurugenzi hawatoshi, kwa sababu wao hawatautumia.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji akili unde. Vinahitaji kiti cha plastiki tu.

Yule mama bado yuko kazini. Kibodi ilibadilishwa, na nimeambiwa mfumo ule sasa unafanya kazi vizuri. Nilipomtembelea nilimwona bado anaandika kwenye kauntabuku, kila malipo, kwa kalamu, baada ya kuyaandika kwenye kompyuta. Kazi mara mbili. Nikamwambia, mama, hilo kosa nililirekebisha, huna haja tena. Akacheka, akasema, "Wewe nakuamini, kijana wangu. Lakini si wewe unayekata mshahara," na akaendelea kuandika.

Nimemaliza. Mwenye kupinga apinge, lakini aanze kwa kutuambia lini mara ya mwisho aliketi upande ule wa kioo.